KUPIGA PICHA YA MSHTARII

Utokapo nje usiku, tazama nyota. Karibu zote zametameta kama taa inayopulizwa na upepo. Lakini miezi fulani utaona moja yenye mwanga mweupe mtulivu, nayo yang'aa kuliko nyota zote za jirani. Hiyo si nyota. Ni sayari, yaani dunia nyingine inayolizunguka Jua kama yetu. Haina moto wake yenyewe. Yang'aa kwa nuru ya Jua tu. Wengine huifikiri kuwa Zuhura, ile inayoitwa nyota ya alfajiri. Zuhura nayo ni nyeupe, hata yaishinda kwa kung'aa. Lakini hufuatana na Jua, jioni au alfajiri, wala haionekani usiku wa manane. Ile nyeupe tulivu ionekanayo usiku wa manane ni Mshtarii.

Hakuna sayari iliyo kubwa kama Mshtarii. Upana wake wapata kilometa 143,000. Dunia zetu 11 zikipangwa mstari mmoja, ndipo zitakapotosha kuuvuka upana huo. Wala haina nchi kavu ya kukanyaga; kinachoonekana ni mawingu, yaliyojipanga kama mikanda, mmoja mweupe, mmoja wa kahawia. Upande wa kusini kuna doa jekundu: ni dhoruba pana kuliko dunia yetu nzima, nayo imetazamwa na watu tangu zaidi ya miaka 150.

Lakini kitu hicho kikubwa kiko mbali. Hata kinapotukaribia sana, kuna kilometa milioni 590 kati yetu nacho, na nuru itokayo huko hutumia zaidi ya nusu saa kutufikia. Je, kwa macho yetu ni kikubwa kadiri gani? Chukua sarafu yenye upana wa sentimita 2. Mpe mwenzako, aende nayo meta 90, ainue mkono. Sarafu hiyo uionavyo ndivyo Mshtarii ilivyo. Mwezi wetu huonekana mpana mara 40 kuliko hapo.

Nani basi aweza kupiga picha ya sarafu iliyo mbali hivyo, tena usiku?

Mwezi wa sita mwaka 2019 Mshtarii ilikuwa mahali pazuri sana kwa watu wa Katanga. Tarehe 10 ya mwezi ule dunia yetu ilipita kati yake na Jua. Kwa hiyo ilichomoza Jua lilipotua, ikakesha mpaka asubuhi. Mwezi wa sita ni kiangazi, mbingu za Lubumbashi ni safi na usiku ni wa baridi. Tena Mshtarii ilipita karibu na utosi. Huko Ulaya wenye darubini za fedha nyingi walinung'unika, maana kwao ilikaa chini, juu kidogo ya mapaa ya nyumba, na mwanga wake ulilazimika kupenya hewa nyingi kabla ya kuwafikia. Mwaka ule mtoto wa Lubumbashi alikuwa na kiti kizuri kuliko mtaalamu wa Vienna.

Fikiri sasa kijana mmoja wa Katuba, mwenye darubini ndogo. Chini ya bomba lake kuna kioo kilichobonyea kidogo, kipana sentimita 13, kama sahani ya kikombe cha chai. Kioo hicho hukusanya nuru. Kioo kidogo cha kutazamia huikuza picha, kwa darubini hii mara 130. Kamera hana. Ana simu tu. Tena anaye mdogo wake wa darasa la tano, asiyekubali kulala.

Saa kumi na mbili ya jioni, Jua likiisha kutua kabisa, kijana anatoa darubini nje, halafu haigusi kwa muda wa saa nzima. Mdogo wake anaona ni uvivu. Sivyo. Kioo kimetoka nyumbani na joto lake; hewa yenye joto inapanda ndani ya bomba na kuzunguka, nayo ingeharibu picha yote. Kioo lazima kwanza kipoe sawa na usiku. (Mchana kifuniko hakitolewi kamwe. Anayetazama Jua kwa darubini hupoteza jicho kabla hajaondoa uso wake.)

Pa kuiweka napo pana maana. Ukuta wa matofali na sementi ya uwanja hutoa usiku joto vililolipata mchana. Kwa hiyo vijana wanakwenda nyuma ya nyumba, penye udongo mtupu, mbali na mbabula ambayo mama yao anasongea bukari. Umepata kutazama kitu kilicho upande wa pili wa mbabula yenye makaa mekundu? Kinatetemeka, kinajikunja, kana kwamba kimo majini. Hewa ya mbinguni hufanya vile vile, ila kwa kiasi kidogo. Hapo ndipo ilipo taabu kubwa ya kazi hii. Taa za mji si taabu: mwenye kutafuta nyota hafifu huzikimbia, lakini Mshtarii yang'aa kiasi cha kuonekana hata katikati ya Katuba penye taa nyingi. Adui ni hewa.

Mtoto anaweka jicho.

— Yaya, mbona inacheza kama samaki?

— Si yenyewe inayocheza, mdogo wangu. Ni hewa. Ngoja, usiondoe jicho.

Anangoja. Mara, kwa nusu ya sekunde, hewa inatulia. Anaona duara dogo, lililobanwa kidogo juu na chini, na mikanda miwili ya kahawia. Kandokando yake, katika mstari mmoja, kuna nukta nne za mwanga. Halafu yote yanatetemeka tena.

Nukta hizo ni miezi ya Mshtarii: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Leo miezi yake inayojulikana ni zaidi ya 90, lakini hii minne ndiyo mikubwa. Galileo, mtaalamu wa Italia, aliiona mwaka 1610 kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe. Tarehe 7 ya mwezi wa kwanza aliona nukta tatu, akadhani ni nyota. Kesho yake zilikuwa zimehama. Tarehe 13 akaona nne. Kila usiku alichora duara na nukta zake, akaandika tarehe. Hakuwa na kamera, lakini michoro ile yenye tarehe ndiyo iliyomwonyesha kwamba nukta zile zaizunguka Mshtarii.

Kijana wetu sasa anashika simu yake juu ya kioo cha kutazamia. Picha ya kwanza ni aibu tupu: doa jeupe kama tone la maziwa, bila mkanda hata mmoja. Simu imeona giza pande zote, ikapokea nuru nyingi mno. Anaipunguzia nuru kwa kidole. Sasa mikanda inatokea, lakini miezi yote minne imetoweka! Mtoto anasikitika, ila hakuna ubaya. Miezi ni hafifu kuliko sayari yenyewe. Nuru inayotosha miezi huiunguza sayari, na nuru inayoifaa sayari haiitoshi miezi. Anayeitaka yote hupiga mara mbili.

Kuna jambo jingine. Muda wa dakika moja au mbili tu, na Mshtarii imetoka nje ya kioo. Dunia yetu inageuka, na darubini iliyosimama juu yake inageuka pamoja nayo. Kazi ya mtoto ni kulisukuma bomba kidogo kidogo, kwa ncha ya kidole, wala asipige chafya.

Basi hewa inayotetemeka yashindwaje? Hapa wapigaji picha wa siku hizi wana akili nzuri. Hawapigi picha moja. Wanapiga filamu. Simu hupiga picha 30 kwa kila sekunde. Filamu ya dakika moja ina picha 1,800. Nyingi ni mbaya. Lakini kati yake zimo zile chache zilizopigwa hewa ilipotulia. Programu ya kompyuta, kama ile iitwayo AutoStakkert, ambayo hutolewa bila malipo, huzipima zote, huchagua zilizo bora, pengine 300, na kuzilaza moja juu ya nyingine mpaka ziwe picha moja.

Kwa nini hizo 300 pamoja zashinda moja iliyo bora? Fikiri imla ya darasani. Mwalimu asoma, wanafunzi 50 waandika. Kila mmoja ana makosa yake, lakini si mahali pamoja: huyu amekosa neno la tatu, yule la tisa. Karatasi ya mwalimu ikipotea, mtu aweza kuzikusanya zile 50, kuchukua katika kila mahali neno lililoandikwa na wengi, na imla yote itarudi kuwa sahihi. Ndivyo ilivyo kwa picha. Makosa ya hewa hubadilika kila mara. Mikanda ya Mshtarii haibadiliki. Makosa hufutana, mikanda hubaki.

Lakini filamu isiwe ndefu. Mshtarii, ingawa ni kubwa hivyo, hujigeuza yenyewe kwa muda usiofika saa 10. Mtu akipiga filamu kwa robo saa, madoa yake yatakuwa yamehama, na picha zikilazwa pamoja zitachafuka. Dakika mbili au tatu zatosha.

Usiku wa kwanza vijana wa Katuba wanapata picha njema. Usiku wa pili mambo ni mengine. Upepo unavuma, mahali fulani ng'ambo ya mji watu wanachoma majani, na moshi umetanda. Wanapiga filamu moja. Mshtarii yaonekana kama donge la bukari ndani ya maji.

— Ifute, yaya. Ni mbaya, na simu imejaa.

Ni kweli, simu imejaa, na kidole cha kijana kiko tayari. Watu wengi wangefuta. Lakini kabla ya kufuta, yafaa kujua habari ya filamu moja mbaya iliyopigwa mwaka 2016.

Mshtarii, kwa ukubwa wake, huvuta vitu vingi vinavyopita angani. Mwezi wa saba mwaka 1994 vipande zaidi ya 20 vya nyota yenye mkia, iitwayo Shoemaker-Levy 9, viliiangukia siku baada ya siku, vikaacha madoa meusi yaliyoonekana hata kwa darubini ndogo. Mara ile wataalamu walijua mbele, wakaingoja. Mara nyingine hakuna ajuaye. Tarehe 19 mwezi wa saba mwaka 2009 Anthony Wesley, Mwaustralia aliyekuwa akipiga picha nyumbani kwake, alichoka, akapumzika karibu nusu saa. Aliporudi aliona doa jeusi ambalo halikuwapo siku zilizopita. Kitu kilikuwa kimeanguka huko, na wataalamu wote walikipata kwake. Siku chache baadaye darubini Hubble, iliyo angani, ikapiga picha ya doa lile.

Kioo cha Wesley kilikuwa na sentimita 37; si kidogo sana. Cha Gerrit Kernbauer, mtu wa Austria, kilikuwa na sentimita 20. Usiku wa kuamkia tarehe 17 mwezi wa tatu mwaka 2016 Kernbauer alipiga filamu za Mshtarii. Hewa haikuwa nzuri. Hakuona haja ya kuzishughulikia filamu zile, akaziweka tu. Siku 10 zikapita. Ndipo akazitazama, na katika moja akaona jambo la ajabu: penye ukingo wa Mshtarii nukta ya mwanga ilitokea, ikawaka, ikazimika. Yote yalikwisha kabla ya sekunde mbili.

Je, ilikuwa nini? Labda ndege imepita. Labda kamera ina kasoro. Mtu mmoja mwenye filamu moja hawezi kujibu maswali hayo, hata akiwa mkweli namna gani. Lakini katika nchi ya Ayalandi, karibu na Dublin, kilometa zaidi ya 1,500 kutoka kwa Kernbauer, mtu mwingine aitwaye John McKeon alikuwa akipiga filamu ya Mshtarii usiku ule ule. Naye alikuwa nayo nukta ile, mahali pale pale, wakati ule ule. Ndege iliyo juu ya Austria haiwezi kuonekana Dublin mbele ya Mshtarii. Basi nukta ilikuwa katika Mshtarii yenyewe: jiwe la angani, lenye upana wa meta chache, au labda kufika meta 20, lilikuwa limeanguka na kuungua katika mawingu yake.

Kwa saa za Lubumbashi ilikuwa saa nane na dakika 18 ya usiku. Wakati ule Mshtarii ilikuwa juu ya Katanga pia. Mwezi wa tatu ni wa mvua, lakini kama mawingu yalifunguka, mtu wa Katuba aliyekuwa macho angeweza kuwa shahidi wa tatu.

Angalia neno moja katika habari hii: wakati ule ule. Filamu zile mbili zisingepatana kama wenyewe hawakuwa na saa sahihi. Wapigaji picha wa Mshtarii duniani pote hawaandiki saa ya mji wao, maana kila nchi ina yake. Wanatumia saa moja kwa wote, iitwayo saa ya ulimwengu. Saa ya Lubumbashi imeitangulia kwa saa 2. Kwa hiyo filamu iliyopigwa Lubumbashi saa tatu na dakika 12 ya usiku, yaani 21.12, huandikwa 19.12. Picha nzuri isiyo na tarehe wala saa hupendeza ukutani, lakini haishuhudii kitu.

Tena mpiga picha ajihadhari na macho yake mwenyewe. Chembe ya vumbi juu ya kioo kidogo huweza kuonekana kama doa jeusi la Mshtarii. Dawa yake ni rahisi: aiache sayari itembee ndani ya kioo. Doa likitembea pamoja na sayari, ni la sayari. Likibaki mahali pake, ni vumbi, na huyo akapanguse kioo chake. Vile vile programu ya kompyuta ikilazimishwa mno kukaza picha, huzusha mistari na pete ambazo hazipo huko juu. Asiyejizuia atapata picha ya kupendeza, na Mshtarii hiyo haipo mahali popote.

Kijana wa Katuba hafuti filamu. Anafuta nyimbo mbili za zamani katika simu, anaandika katika daftari: Lubumbashi, tarehe, 19.12, upepo, moshi. Kesho yake wanaitazama picha kwa picha. Hakuna nukta ya mwanga. Hakuna jiwe lililoanguka. Ila mtoto ana daftari la usiku wa kwanza mkononi, analinganisha michoro.

— Yaya, tazama. Huu ulikuwa kushoto. Sasa uko kulia.

Ulikuwa Io. Mwezi huo huizunguka Mshtarii kwa muda wa saa 42 na nusu, na katika siku moja ulikuwa umevuka upande wa pili. Katika filamu mbaya, iliyojaa moshi, ulionekana wazi.

Mshtarii hutumia karibu miaka 12 kulizunguka Jua. Kwa hiyo usiku wake ulio bora huchelewa kila mwaka kwa mwezi mmoja na zaidi kidogo: mwaka 2019 mwezi wa sita, mwaka 2020 wa saba, mwaka 2021 wa nane, mwaka 2022 wa tisa. Halafu uliingia katika miezi ya mvua za Katanga. Miaka hiyo mpiga picha hungoja mawingu yafunguke, na pengine hupata bahati, kwa sababu mvua huisafisha hewa. Usiku ulio bora utarudi katika kiangazi mwezi wa tano mwaka 2030. Na mwezi wa sita mwaka 2031 Mshtarii itapita tena karibu na utosi wa Lubumbashi. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2019 atakuwa na miaka 12.

Maulizo

1. Utaitambuaje Mshtarii kati ya nyota? Kwa nini haiwezi kuwa Zuhura?
2. Kwa nini darubini hutolewa nje saa nzima kabla ya kazi?
3. Eleza kwa mfano wa imla jinsi picha 300 zinavyoshinda picha moja.
4. Kernbauer peke yake asingeweza kuhakikisha nini? McKeon alimsaidiaje?
5. Pima meta 90 katika uwanja wa shule. Mwenzako ainue sarafu. Waona nini juu yake?
6. Filamu imepigwa Lubumbashi saa tano na dakika 40 ya usiku. Andika saa ya ulimwengu.